Ujumbe wa Salale Uliokwama kwenye Anwani

Nyinyi mnaotuma barua pepe kwa kidole gumba huku mnatafuna korosho, kaeni kidogo niwaambie jambo. Ile alama iliyo katikati ya anwani, ile herufi a iliyojikunja mkia, haikushuka na mvua. Ilipiganiwa. Wakubwa walinuniana kwa ajili yake, walitoleana maneno kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na huku kwetu Rufiji kuna mama tulimzika kabla hawajaikubali. Nikimkumbuka kifua bado kinaniwaka, wala sina haja kipoe.

Mie naitwa Siwema. Kwetu ni Mtunda, ila kazi imenikalisha Kibiti mpaka nimestaafu. Nilianzia Dar es Salaam, shirika la umma, napiga teleksi. Ilipokuja ruksa, kila kitu kikafunguliwa: maduka yakajaa, mitumba ikajaa, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Nikapunguzwa. Nikarudi nyumbani na cherehani yangu, nikaanza kukaanga vitumbua pale wanapopakia magari Kibiti. Siku moja bwana mmoja wa mradi wa mikoko akawa anakula vitumbua vyangu huku analalamika kwa dereva wake kwamba wameleta mtambo na hakuna wa kuuendesha. Nikamwambia teleksi naijua. Akaniangalia, akaangalia karai la mafuta, akacheka. Wiki ile ile nikaajiriwa. Vitumbua nikamwachia dada yangu, naye hata leo anasema yeye ndiye aliyepata kazi nzuri.

Mtambo wenyewe ulikuwa kompyuta moja iliyofungwa kwenye redio ya mawimbi mafupi, yale yanayofika mbali. Kompyuta inaandika, redio inapeleka hewani, ofisi ya Dar inapokea. Wakati wa kupeleka ulikuwa unatoa mlio kama vyura wa bondeni wakati wa masika. Umeme tuliupata kwa betri ya lori. Unyevu wa kule deltani ulikuwa adui. Nilikuwa naweka mchele mkavu kwenye kitambaa ndani ya mfuniko wa mashine, nabadilisha kila Ijumaa. Wataalamu waliokuja walikuwa wanacheka mpaka wanapoona mashine zao wenyewe zimeota kutu.

Sasa sikilizeni upuuzi ulivyokuwa. Zama zile miradi ilimiminika. Kila mfadhili alikuja na gari lake jeupe, bango lake la barabarani, na mtandao wake wa kompyuta. Na kila mtandao ulikuja na namna yake ya kuandika anwani.

Sisi wa mikoko, ukitaka kumwandikia mtu ulitaja kila kompyuta ambayo barua itapitia, moja baada ya nyingine, katikati unaweka alama za mshangao. Ni sawa na kumwelekeza mgeni: pita kwa fulani, ukifika hapo uliza kwa fulani, kisha shuka kwa fulani. Kompyuta moja ikibadilishwa jina huko njiani, barua imepotea. Wa mradi wa afya hawakuwa na majina kabisa. Kwao mtu ni namba, nukta mbili, namba, kimstari cha kulala upande, namba tena. Na kampuni iliyokuwa inanunua kamba wa wavuvi deltani ilikuwa na herufi zake za siri ambazo haikutaka hata kuzitaja mbele za watu.

Ofisi tatu, zote Rufiji, zote zimeegesha magari chini ya mikorosho ile ile, haziwezi kuandikiana. Ulaya unaandika, jirani humwandikii. Mnaona akili hiyo?

Aliyenifumbua macho ni Injinia Deo. Alikuwa kijana wa Dar, mrefu, amesoma nje, ndiye aliyekuwa anakuja kuhudumia mitambo ya miradi yote miwili. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwenye habari ya anwani alikuwa kama mhubiri. Siku moja alinikuta napigana na anwani ndefu iliyojaa alama za mshangao, akavuta kigoda.

"Bi Siwema, unaandika njia," akaniambia. "Anwani haitakiwi kuwa njia. Anwani ni nani, na yuko wapi. Njia ni kazi ya mashine."

Akaniandikia kwenye kipande cha boksi namna ambayo dunia ilikuwa inakubaliana: jina la mtu kwanza, kisha ile a yenye mkia, kisha mahali anapofanyia kazi, kutoka padogo kwenda pakubwa, mwisho herufi mbili za nchi.

"Na hizi mashine zetu zinaweza kusoma hivi?" nikamuuliza.

"Zote zinaweza. Ni marekebisho ya siku moja. Mashine zinaweza kusomana, Bi Siwema. Wasiotaka kusomana ni mabosi."

Kwenye kambi yetu ya Salale, visiwani deltani, penye mtambo wetu wa pili, nilipowaonyesha wavuvi ile alama, mmoja akasema mbona huyu ni kamba aliyekwisha kuchemshwa. Kweli, itazameni, ni kamba aliyejikunja. Basi huku kwetu ikaitwa kamba. Mpaka leo nikiambiwa anwani, nasema fulani, kamba, mahali fulani. Vijana wa benki wananishangaa.

Deo alikuwa ameandika mapendekezo kwa miradi yote. Akajibiwa kwamba jambo lake ni zuri na litajadiliwa kwenye kikao kijacho. Kikao kijacho kikawa na kikao chake kijacho.

Ndipo ikaja masika ile.

Nilikuwa kambini Salale, nimekwenda kumshikia zamu mwenzangu aliyekuwa na harusi kwao Mkongo. Mvua ilikuwa imekaza. Mto umejaa, maji ya kunywa yote yamechafuka, na watu wakaanza kuharisha. Tabibu wa zahanati aliitwa Salum, mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini kama anayesoma dua. Muuguzi wake alikuwa Bi Mwanaidi. Nusu ya watoto wa visiwa vile wametokea mikononi mwake. Mwanamke mnene, mcheshi, akiingia mahali lazima mcheke. Alikuwa hapandi mtumbwi bila kumtania mpiga kafi: "Nipime vizuri, mwanangu, nisije nikakuzamisha ukamwacha mkeo mjane na mie nikaulizwa."

Tabibu Salum alikuja kambini asubuhi, amelowa mpaka kichwani.

"Bi Siwema, ni kipindupindu," akasema. "Dripu nilizonazo hazinifikishi popote. Mradi wa afya wana bohari Dar, imejaa. Na boti ya mwendo kasi wanayo. Wakijua tu, wanakuja."

"Hospitali ya wilaya?"

"Nimetuma mtu kwa mashua. Watatupa walichonacho, lakini wao nao wana wagonjwa wao."

Simu ya Kibiti ilikuwa imekatika kwa mvua. Barabara ya kwenda Dar ilikuwa tope, malori yamelala ubavu. Redio yetu ilikuwa na sauti pia, lakini Dar hakukuwa na mtu wa kuisikiliza; aliyekuwapo ofisi ilimpunguza, wakasema kompyuta inatosha. Kwa hiyo ikabaki kompyuta.

Nikaandika ujumbe anavyonisomea. Anwani nikaiandika kama mradi wa afya walivyotuelekeza wenyewe: kwanza njia yetu yenye alama za mshangao mpaka kwenye lango la Dar, yaani ile kompyuta inayopokezana barua za mitandao, kisha namba zao na vimstari vyao. Nikaisoma herufi kwa herufi, Tabibu akifuatiza kwa kidole. Vyura wakalia. Ujumbe ukaondoka.

Tukangoja. Kesho yake nikauliza ofisi yetu ya Dar kama umefika. Wakajibu: umeshatoka kwetu. Nikatuma tena. Wakajibu vile vile: umeshatoka kwetu. Nyinyi vijana, chukueni hili, litawafaa kazi yoyote: "umeshatoka kwetu" si jibu. Mtu akikujibu hivyo ujue kimoyomoyo ameshanawa mikono. Jibu ni kutoka kwa aliyepokea.

Bi Mwanaidi alikuwa amegeuza darasa la shule kuwa wodi. Aliwapanga kina mama, hawa wachemshe maji, hawa wakoroge chumvi na sukari, hawa wapike uji mwepesi wa mchele. Nami nikitoka kwenye mtambo nilikuwa nakwenda kusaidia kuchemsha. Kila akiniona ananiuliza kwa mbali, "Shoga, mashine yako imesema nini?" Nami namjibu bado. Akaanza kunitania: "Labda haijui Kiswahili. Ijaribu Kindengereko."

Mashua ya wilaya ikaleta dripu kidogo. Zikaisha. Halafu Bi Mwanaidi mwenyewe akaanguka.

Sitaki kueleza sana. Tabibu Salum alimkalia kando, anamnywesha kwa kijiko, na kila anachomnywesha kinarudi. Mikono ya Tabibu ilikuwa inajua kabisa la kufanya, ila haikuwa na kitu cha kulifanyia. Ule mwili mkubwa ukanyauka mbele ya macho yetu. Kabla ya adhuhuri akawa ameshakwenda. Tukamzika alasiri mchangani, palipoinuka, maana kwingine kote ni maji.

Niliporudi kambini, bado nina udongo kwenye kanga, nikawasha mtambo kwa mazoea tu. Barua ikaingia. Imetoka kwenye lango la Dar, imeandikwa na mashine, si mtu: Ujumbe wako haukusomeka. Tafadhali tuma tena kwa anwani iliyo sahihi.

Nilimwita Tabibu Salum akaisoma. Akaisoma mara ya pili. Akauliza, "Anwani iliyo sahihi ni ipi?"

Nikamwambia, "Ndiyo hiyo tuliyoandika. Ndiyo waliyotupa wao."

Akakaa chini kwenye ngazi ya kambi, mvua inamnyeshea.

Baadaye Injinia Deo alinieleza kilichotokea. Ujumbe wetu ulifika langoni salama. Lile lango lilifuata alama za mshangao mpaka mwisho, likakuta namba na vimstari, likashindwa kuzielewa, likauweka pembeni. Na mtandao wa afya ulikuwa umeunganishwa na lango hilo hilo, kwa waya ambao ungeweza kuupima kwa kanga moja. Bohari imejaa, boti imefungwa gatini, ujumbe umelala mlangoni. Deo alikuwa safarini Tanga. Aliporudi akaukuta, akakimbia nao kwa miguu mwenyewe mpaka bohari. Dripu zikafika Salale, zikaokoa wengi, sikatai. Bi Mwanaidi ndiye hazikumkuta.

Deo akaitisha kikao Dar, safari hii kwa hasira. Mie na Tabibu Salum tukapanda lori la nazi kwenda, maana nilisema wakubwa hawa lazima watuone sura. Tulikuta meza ndefu, maji ya chupa, na watu wenye suti. Mratibu wa mradi wa afya, bosi wangu wa mikoko, na bwana wa kampuni ya kamba ambaye alikuwa anatazama saa yake.

Mratibu alianza kwa pole. Kisha akasema, "Lakini sisi tunafuata utaratibu wa mfadhili wetu. Namba zetu zinatumika nchi nyingi."

Bosi wangu akasema, "Na sisi tulitangulia kufika Rufiji. Wanaokuja nyuma ndio wangetufuata."

Bwana wa kamba akasema barua zake ni za biashara, hataki zichanganyike na za watu.

Deo akawaeleza taratibu. Hakuna anayeombwa afuate mwenzake, wote wafuate ile moja ambayo dunia imekwisha kubaliana. Kazi ya siku moja. Wakaanza kuulizana nani atalisimamia, jina la nani litatangulia kwenye waraka.

Tabibu Salum akanyanyuka. Nilidhani atawakaripia. Akasema kwa ile sauti yake ya dua, "Mabwana, nimemzika mwenzangu. Nimekuja kuwaomba tu." Akakaa.

Mnadhani walilia? Mmoja akakohoa, mratibu akasema jambo hili ni zito na linahitaji kamati. Kisha tukaitwa kula. Wallahi, tukaitwa kula. Pilau la nyama. Tabibu hakugusa. Nami sikugusa, na nyinyi mnajua ninavyolipenda pilau.

Niliondoka pale mezani nikaenda uani, kwenye banda la chai ambako waendesha mitambo walikuwa wamekaa. Alikuwapo Yusta, dada wa Kichaga aliyekuwa anaendesha mtambo wa mradi wa afya. Nilimkuta macho mekundu. Yeye ndiye aliyekuwa zamu siku zile upande wa pili, amekaa anangoja kazi, hajui kwamba hatua chache kutoka kwake watu wanaita.

"Mie sikupata kitu, dada Siwema," akaniambia. "Naapa sikupata kitu."

"Najua hukupata. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Deo akatufuata na kikombe chake. Nikamwuliza, "Hiyo kazi ya siku moja, inahitaji saini ya bosi?"

Akafikiri. "Inahitaji waendesha mitambo wabadilishe siku moja, wote. Nami nibadilishe lango. Lakini mkifanya bila ruhusa mnaweza kufukuzwa."

Yusta alikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake wanaomtegemea. Nami nilikuwa nimeshapunguzwa mara moja, najua kazi inavyokwenda na jinsi jirani zako wanavyokusalimia siku inayofuata. Tukatazamana.

Yusta akasema, "Tufanye Jumatatu."

Jumatatu tukafanya. Kila kituo kikapata jina lake: Kibiti, Salale, na vingine. Watu wa afya wakapata majina ya watu badala ya namba. Tulihangaika kutwa nzima. Herufi moja ikikosewa kila kitu kinakataa, na Deo yuko Dar, mie Kibiti, tunaandikiana mistari mifupi mifupi: jaribu, bado, jaribu. Na Deo akaongeza kitu ambacho mie nakithamini kuliko vyote. Akalielekeza lango kwamba barua isiyosomeka isilazwe pembeni hata dakika. Irudishwe pale pale kwa mwenyewe, na nakala apelekewe mtu mwenye macho na miguu. Jioni Yusta akaniandikia, anwani yenye kamba katikati: Dada, unanisoma? Nikamjibu: Nakusoma, mdogo wangu. Nikazima mtambo, nikaenda kumsaidia dada yangu kupima unga, maana mikono ilikuwa bado inataka kazi.

Wiki ile ile bosi wangu akagundua. Akaniandikia barua kali. Nani kakuruhusu kubadilisha utaratibu wa mradi, jieleze kwa nini usichukuliwe hatua. Nikaitazama ile barua, nikatazama anwani yake juu. Ilikuwa na kamba katikati. Njia ya zamani ilikuwa haipo tena. Ili anigombeze, ilimbidi aandike kama sisi. Nikamjibu kwa adabu kwamba barua yake imenifikia haraka sana kuliko zote alizowahi kunitumia. Hakunifukuza. Alinipa onyo, likakaa kwenye jalada langu mpaka mradi ulipofungwa.

Miezi mingi baadaye ile kamati ikakutana, ikapitisha anwani moja, ikatoa waraka. Bosi wangu na mratibu walipigwa picha wanapeana mikono. Jina la Deo halikuwemo, la Yusta halikuwemo. Langu msiliulize. Kampuni ya kamba haikujiunga. Ilibaki na herufi zake za siri mpaka ilipofunga mlango.

Kinachonikera hata leo ni kuona nyinyi mnarudia. Nakwenda zahanati, naambiwa kompyuta yao haisomani na ya hospitali, niandikishwe upya. Nakwenda hospitali, wananiuliza majina ya dawa nilizopewa jana huko nilikotoka. Kijana aliyetengeneza ananiambia, "Bibi, sisi tuna mfumo wetu." Mfumo wenu. Nikisikia maneno hayo naona meza ndefu na maji ya chupa. Ukitengeneza kitu, mwanangu, jiulize kitaandikiana na nani. Kisipoandikiana na mtu, umetengeneza sanduku.

Masika nyingine ilikuja, na ugonjwa ukarudi deltani, kama unavyorudi. Nilikuwa tena Salale, safari hii kwa kazi yangu. Tabibu Salum akaja na orodha ya mahitaji yake kichwani, akanitajia, nikaandika, nikaweka anwani: jina la mtu wa bohari, kamba, mahali. Anwani fupi, hata Tabibu akaniuliza kama ndiyo yote.

Alikuwa hajamaliza kukunja suruali ashuke majini kuufuata mtumbwi wake, jibu likaingia. Si la mashine. La mtu wa bohari, kwa jina lake: Tumepata. Boti inapakia sasa hivi.

Nikamwita. Akarudi, akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma. Nilidhani atashukuru, au atacheka, maana mie nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Akashika mgongo wa kiti changu, akainama, akaisoma tena.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema. Kisha akashuka ngazi, akaenda kwa wagonjwa wake.